Wikiendi ndefu milimani Colorado: furahini, lakini hewa ya kule ni nyepesi

  

Majira ya joto watoto wanakuwa wamefunga shule, na sisi tunaobeba maboksi mwaka mzima tunazitolea macho zile wikiendi ndefu, ya tarehe 4 Julai na ile ya Labor Day mwanzoni mwa Septemba, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo baba na mama wanaweza kupata mapumziko siku moja. Familia zetu nyingi za Dallas, Houston, Kansas City, Omaha na kwingineko wanachangishana, wanapanga nyumba moja kubwa ya mbao huko Breckenridge au Estes Park, familia tatu au nne pamoja, wanapakia sufuria na unga kwenye magari, safari inaanza. Ni jambo zuri sana. Watoto wanacheza pamoja, wanasikia Kiswahili siku tatu mfululizo, na bibi aliyekuja kutembea kutoka nyumbani anaona Marekani nyingine tofauti na sebule ya apartimenti.

Nia yangu leo si kuwatisha. Mimi ni nesi, nilisomea kazi hii nyumbani kisha nikasoma tena hapa, na nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha dharura. Kuna mambo ya mlimani ambayo kila mgeni anapaswa kuyajua, na kuna moja linalotuhusu sisi Waafrika zaidi ya majirani zetu, na hilo ndilo halizungumzwi kabisa tunapopanga safari. Nitalifikia.

HEWA NYEPESI MAANA YAKE NINI

Houston iko karibu sawa na bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa. Denver iko mita 1,600 hivi, inakaribiana na Nairobi. Estes Park ni mita 2,293. Breckenridge ni mita 2,926. Na ukiamua kuendesha gari hadi kileleni Pikes Peak, maana barabara inafika juu kabisa, utakuwa mita 4,302.

Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua. Breckenridge kila pumzi unayovuta ina oksijeni kama asilimia 70 tu ya ile ambayo ungeivuta pwani. Mwili unajua kuzoea: unapumua haraka, moyo unakwenda mbio, unakojoa zaidi. Lakini unahitaji siku mbili tatu, na wikiendi ndefu yenyewe ni siku tatu. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Wengine watasema, "Mimi ni mtu wa Moshi, nimezaliwa chini ya Kilimanjaro," au "Mimi wa Limuru, baridi na mlima ni kwetu." Ndugu yangu, mazoea hayo mwili unayapoteza ndani ya wiki chache tu ukikaa bondeni. Ukiwa na miaka kumi Houston, wewe ni mtu wa Houston.

UGONJWA WA MLIMANI

Kwa wageni wanaolala kwenye miji hii ya juu ya Colorado, takriban mtu mmoja kati ya wanne anaugua. Dalili huanza saa chache baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma, yeye atalialia tu, atakataa chakula na hatataka kucheza. Watu wengi wanadhani ni chakula cha njiani au uchovu wa gari. Ukiwa mlimani na dalili hizo, chukulia kwanza kuwa ni mlima.

Ufanye nini:

1. Kama inawezekana, laleni usiku mmoja Denver kabla ya kupanda. Kutoka Dallas ni mwendo wa saa 12 au zaidi, kwa hiyo hata dereva anahitaji kupumzika.

2. Siku ya kwanza msikimbilie kupanda vilima wala kucheza mpira. Tembeeni mjini, kaeni, pigeni soga.

3. Kunyweni maji ya kutosha, na pombe iacheni usiku wa kwanza na wa pili. Pombe na dawa za usingizi hupunguza upumuaji ukiwa umelala, wakati huo huo ambapo mwili unahitaji kupumua zaidi.

4. Kichwa kikiuma, Tylenol au ibuprofeni inasaidia. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie ibuprofeni, na watoto wasipewe aspirini. Usipande juu zaidi hadi dalili ziishe. Kwa wengi zinaisha ndani ya siku moja au mbili.

5. Ipo dawa ya kuzuia, inaitwa asetazolamidi, wengine wanaijua kwa jina la Diamox. Inatolewa kwa cheti cha daktari na huanza kutumiwa siku moja kabla ya kupanda. Kama uliwahi kuugua mlimani, muulize daktari wako mapema, na umwambie kama una mzio wa dawa za salfa.

Sasa kuna dalili tatu ambazo hazisubiri asubuhi: mtu anayehema akiwa amekaa tu au anayekohoa makohozi yenye povu, mtu anayepepesuka kama mlevi na hajanywa kitu, na mtu anayechanganyikiwa au kusinzia kiasi cha kutoamshika. Maana yake maji yanajaa kwenye mapafu, au ubongo unavimba. Pigeni 911. Tiba ni oksijeni na kushuka chini, na kila saa ina maana.

SELIMUNDU: JAMBO LINALOTUHUSU SISI

Hapa naomba msome polepole. Tanzania na Kongo zimo kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na Uganda na magharibi mwa Kenya hawako mbali. Sababu ni malaria. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu, yaani AS, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea kwetu kizazi hadi kizazi. Aliyerithi viwili, yaani SS, ndiye mgonjwa wa selimundu.

Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu zenye kinasaba hicho zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kwa mwenye SS, mita 2,900 zinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa na kifua. Kwa hiyo mwenye SS asipande bila daktari wake wa damu kuruhusu, na asione aibu kuwaambia wenzake, "Jamani, mwaka huu tuchague ziwa." Familia inayompenda itabadilisha mpango.

Lakini na mwenye AS naye ana lake la kujua. Watu wa AS wengi wanaishi miaka yote bila tatizo, na wengi wanapanda milima na kurudi salama. Ila kwa wachache, wakiwa juu, hasa wakijichosha na kukaukiwa maji, damu huganda ndani ya wengu, wengine wanaita bandama, na sehemu ya kiungo hicho inakufa. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, wakati mwingine yanapanda hadi bega la kushoto, pamoja na kichefuchefu au homa. Nimewahi kumpokea kijana wa watu, mzima kabisa, mcheza soka, ametoka mlimani siku hiyo hiyo amejikunja kwa maumivu. Familia walidhani ni vidonda vya tumbo, wakampa maziwa. Yeye mwenyewe hakujua kama ni AS.

Kwa hiyo kabla ya safari, jiulize: unajua hali yako? Hali ya watoto je? Watoto waliozaliwa hapa Marekani walichomwa kisigino hospitalini siku za kwanza, na tangu 2006 majimbo yote yanapima selimundu kwa njia hiyo. Mwombe daktari wa mtoto majibu, maana wazazi wengi waliambiwa katika pilikapilika za uzazi wakasahau. Sisi tuliozaliwa nyumbani wengi hatujapimwa kabisa. Ni kipimo cha damu tu, mara moja katika maisha. Na usiseme "mimi ni mzima miaka arobaini, siwezi kuwa nayo." Mwenye AS kwa kawaida haumwi, ndiyo maana hajijui.

Ukiwa AS ukapata maumivu hayo ya ubavu wa kushoto, shuka na uende hospitali, na kitu cha kwanza mwambie nesi wa mapokezi kwamba una kinasaba cha selimundu na umetoka mlimani. Baadhi ya madaktari wa huku hawalifikirii jambo hilo mpaka waambiwe.

WENYE PRESHA, SUKARI, PUMU, NA WAJAWAZITO

Presha huweza kupanda siku za kwanza mlimani. Bebeni dawa za siku zote na za ziada, ziwekeni kwenye mkoba wa mkononi, na msiruke dozi kwa sababu ya safari. Wenye kisukari, kutembea kutwa nzima kunashusha sukari, na mashine ndogo za kupimia zinaweza kudanganya zikiwa juu au kwenye baridi. Kama unajisikia sukari imeshuka, kula kitu hata kama mashine inasema uko sawa. Insulini isiachwe ndani ya gari juani. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, isibaki nyumbani.

Mjamzito, aliye na mtoto mchanga, mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu: muone daktari kwanza. Kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, Estes Park ni chaguo la upole kuliko Breckenridge. Na kama bibi amekuja kutembea, angalia bima yake ya safari. Nyingi hazilipii ugonjwa aliokuja nao.

MENGINEYO KWA KIFUPI

Jua: nguvu ya miale inaongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na macho pia. Losheni, kofia na miwani kwa wote.

Radi: Julai na Agosti ngurumo huja mchana karibu kila siku. Pandeni asubuhi, na ikifika saa sita muwe mmeshuka. Mkisikia ngurumo ingieni ndani ya gari au nyumba, si chini ya mti, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Baridi: usiku ni wa sweta hata mwezi wa saba. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, wala kwenye hema. Ule moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Maji: maziwa ya huko ni baridi sana, hata mwogeleaji hodari anaishiwa pumzi akiingia ghafla. Watoto wavae maboya.

Chakula: maji Breckenridge yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage yatakaa jikoni hadi mkome. Chukueni sufuria ya presha au mpike kabla ya kuondoka. Nyama nayo iivie vizuri.

MTU AKIUGUA KWELI

Kuna wanaoogopa hospitali kwa sababu hawana bima au makaratasi. Jueni hili: tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura, karibu zote, zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana pesa. Bili inaweza kuja baadaye, na bili inazungumzika. Na kama mama hajui Kiingereza, ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure, hata kwa simu. Msimtumie mtoto wa miaka tisa kumtafsiria bibi yake.

Kabla hamjaondoka, chukueni karatasi moja, andikeni jina la kila mmoja, dawa anazotumia, mzio alionao, na kama ni AS, SS au hajapimwa. Ibandikeni kwenye mlango wa friji mkifika. Mkiwa watu kumi na tano ndani ya nyumba, saa nane za usiku hakuna atakayekumbuka nani anatumia nini.

Kwa leo naishia hapa. Kapimeni, pangeni vizuri, halafu nendeni mkafurahi na watoto. Nawatakia safari njema, na tukutane tena panapo majaliwa.

Wasalaam.