Mwaka wa kwanza usukanini ndio wa hatari

JE, umefaulu mtihani wa udereva hivi majuzi? Hongera. Lakini kabla hujawapakia marafiki garini kwenda Naivasha Jumamosi usiku, fahamu kwamba miezi ya kwanza ya kuendesha gari peke yako ndiyo yenye hatari kubwa kwako na kwa abiria wako.

Usidhani ajali ni kazi ya polisi wa trafiki pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani mwaka wa 2023.

Kwa nini dereva mpya? Ulipokuwa na leseni ya muda na herufi L ikiwa imebandikwa garini, mwalimu aliketi kando yako. Yeye ndiye aliyemwona mapema mtoto aliyetaka kuvuka. Sasa hayupo. Dereva mzoefu hutazama mbali, hutazama vioo na kando ya barabara. Dereva mpya hukodolea gari lililo mbele yake, huku akili ikishughulika na gia na klachi.

Katika jimbo la New South Wales, Australia, kufaulu mtihani hakukupi leseni kamili. Dereva hupewa leseni ya muda na hubandika herufi P nyekundu kwa muda usiopungua mwaka 1, kisha P ya kijani kwa miaka 2. Mwenye P nyekundu hufuata masharti haya, ambayo nawe unaweza kujiwekea hata kama hakuna anayekulazimisha:

• Pombe: Haruhusiwi hata tone. Kileo hupunguza wepesi wa mwili na kumtia mtu ujasiri wa bure. Kwa asiye na uzoefu, hata bia moja ni nyingi.

• Simu: Haruhusiwi kuitumia anapoendesha, hata bila kuishika. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari huenda mita 25 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde 2, umeenda mita 50 bila kuona.

• Mwendo: Asizidishe kilomita 90 kwa saa, hata barabara ikiwa nyeupe.

• Abiria: Ikiwa hajafikisha miaka 25, kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri anaruhusiwa abiria mmoja tu wa chini ya miaka 21. Vijana wakijaa garini, kelele na kuchocheana humfanya dereva ajionyeshe.

Usiku pia una adui mwingine, nao ni usingizi. Mtu aliyekaa macho saa 17 huwa mzito kama aliyekunywa pombe. Ukianza kupiga miayo, egesha mahali salama ulale kidogo. Kahawa na muziki wa juu havitoshi.

Nawe mzazi, usikabidhi ufunguo kwa sababu tu leseni imetoka. Keti kando ya mwanao kwa miezi kadhaa: kwanza mchana, kisha kwenye mvua, kisha usiku. Kila anayeingia garini, hata wa kiti cha nyuma, afunge mkanda kabla injini haijawashwa.