Jedwali la Mshambuliaji

Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliidhinisha DES kuwa mfumo rasmi wa kusimba data. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 56, yaani funguo 72,057,594,037,927,936 zinazowezekana. Wataalamu wa usimbaji Whitfield Diffie na Martin Hellman walipinga mapema: ufunguo ni mfupi mno. Dawa iliyoonekana rahisi ni kusimba mara mbili kwa funguo mbili tofauti. Biti 56 na 56 ni 112, na hakuna atakayejaribu jozi zote hizo akamaliza.

Hesabu hiyo inamsahau mshambuliaji mwenye nafasi ya kuhifadhi. Tuseme amepata ujumbe mmoja pamoja na umbo lake lililosimbwa mara mbili. Anausimba ujumbe huo kwa kila ufunguo wa kwanza, na kila jibu analiweka kwenye jedwali kando ya ufunguo uliolizaa. Kisha anaanza upande wa pili: lile umbo la mwisho analisimbua kwa kila ufunguo wa pili, huku akitazama kama jibu limo jedwalini. Likiwemo, ameshika jozi ya kujaribu. Jozi nyingi zitakuwa zimelingana kwa bahati tu, lakini ujumbe wa pili unazichuja. Kazi nzima ni kama mara mbili ya kuvunja DES moja. Kufuli la pili limeongeza biti moja tu!

Kinachomkwamisha ni ukubwa wa jedwali. Kwa baiti 16 kila mstari, linazidi terabaiti milioni moja. Mwaka 1977 hakuna aliyeweza hata kuliota. Leo ni diski 58,000 hivi za terabaiti 20, ghali sana, ila zinanunulika. Kwa hiyo anayekuahidi usalama kwa kuhesabu miaka ya kujaribu funguo peke yake amekupa nusu ya hesabu.

Mwaka 1980 Hellman alionyesha kuwa si lazima jedwali lihifadhi kila jibu: sehemu ndogo yatosha, iliyobaki inakokotolewa upya inapohitajika. Philippe Oechslin aliiboresha mbinu hiyo mwaka 2003. Kwa gigabaiti 1.4 tu aliweza kupata asilimia 99.9 ya nywila za Windows zenye herufi na tarakimu kutokana na maumbo yake yaliyosimbwa, kila moja kwa sekunde 13.6 hivi. Windows haikuwa ikichanganya nywila na namba yoyote ya nasibu, hivyo jedwali moja lilifaa kwa kompyuta zote. Unix ilikuwa ikichanganya namba kama hiyo, ya biti 12, tangu miaka ya 1970, na huko mshambuliaji angehitaji majedwali 4,096.