Jina Adimu la Ukoo kama Ushahidi wa Asili: Mfano wa Yorkshire

Nchini Uingereza, jina la ukoo hurithiwa kwa desturi kutoka kwa baba, kama ilivyo kromosomu Y. Jina lililoenea kama Smith, yaani mhunzi, lilizuka mahali pengi kwa watu wasio na undugu. Jina adimu huweza kuwa na mwasisi mmoja, na kwa hiyo hufaa zaidi katika uchunguzi wa nasaba. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha matokeo kuhusu wanaume 18 wenye jina moja adimu la mashariki mwa Yorkshire. Saba kati yao walikuwa na kromosomu Y ya kundi A1, ambalo hupatikana Afrika Magharibi. Nyaraka ziliwaunganisha katika milango miwili, ambayo wahenga wake waliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vinasaba vilidokeza kwamba milango hiyo ilikutana vizazi vichache kabla ya hapo. Wanaume 11 waliosalia hawakuwa na kromosomu hiyo, ingawa jina lao ni lilelile. Hivyo, etimolojia hueleza asili ya neno, si asili ya anayeitwa kwalo. Sera inayopima asili ya raia kwa jina lake huchanganya mambo hayo mawili.