Shukrani ya ulimi na ya mkono mwambao wa Tanga

Mwambao wa Tanga, kutoka Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Kipumbwi kusini mwa Pangani, shukrani kwa Mwenyezi Mungu hutamkwa jua halijapanda. Jirani akiulizwa ameamkaje, hujibu "Alhamdulillahi" au "Namshukuru Mungu", hata kama ndani kuna mgonjwa. Habari ya homa au ya paa linalovuja hufuata baadaye. Anayedhani jibu hilo ni kuficha shida hajakaa barazani vya kutosha, maana shida husemwa, tena kwa urefu. Ila uzima hutangulizwa.

Kwa Waislamu, walio wengi ufukweni, mazoea hayo yanatoka katika swala. Sura ya kwanza ya Kurani, ambayo watu wa pwani huiita Alhamdu, humhimidi Mola, nayo husomwa katika kila rakaa. Swala tano za faradhi zina rakaa 17. Kwa hiyo hata asiyeongeza sunna huisoma mara 17 kwa siku. Baada ya swala huja tasbihi, na humo shukrani hurudiwa mara 33. Chakula hufunguliwa kwa bismillahi na kufungwa kwa alhamdulillahi. Mtoto akizaliwa, siku ya saba hufanyiwa akika: hunyolewa nywele, mbuzi huchinjwa, na majirani hupata nyama.

Bahari ndiyo inayoyapa maneno hayo uzito. Aya ya 14 ya sura ya An-Nahl inazitaja nyama laini ya baharini, mapambo yatolewayo majini na vyombo vinavyokata mawimbi kuwa neema za kushukuriwa, na ni vigumu kupata aya iliyo karibu zaidi na maisha ya Deep Sea na Sahare, kunakoshushwa samaki wa mjini Tanga. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, na watu hutembea juu ya miamba wakitafuta pweza. Usiku wa giza karabai huwavuta dagaa; mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu. Kusi likikaza, vyombo vidogo hubaki pwani. Mvuvi anayajua haya yote, na bado hajui wavu utapanda na nini. Ujuzi wake ni mkubwa, lakini hauumbi samaki. Hivyo chombo kikifika, mzee aliyekaa mchangani na kijana aliyesaidia kukivuta hupata kitoweo chao, na anayewanyima huonekana ameisahau riziki ilikotoka.

Maji ya kunywa hushukuriwa kidogo kuliko samaki, ingawa yanastahili zaidi. Jiji la Tanga hunywa maji ya Mto Zigi, unaotoka kwenye misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki na kukingwa na bwawa la Mabayani. Pangani, maji ya bahari hupanda mtoni, na chumvi huwafuata watu hadi kwenye visima. Sura ya Al-Waaqia, aya ya 68 hadi 70, huwauliza wanadamu kuhusu maji wanayokunywa: nani aliyeyateremsha kutoka mawinguni, naye angeweza kuyafanya ya chumvi? Kwa mtu wa Pangani, swali hilo halihitaji tafsiri ndefu.

Bara kidogo, Muheza, shukrani huonekana kwa namna nyingine. Ukristo ulifika Magila tangu miaka ya 1860 kupitia wamisionari wa Kianglikana. Makanisani, sikukuu ya mavuno ni siku ya kuleta mikungu ya ndizi, mahindi, kuku, mayai na yale machungwa yaliyoipa Muheza umaarufu. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa, na fedha huingia katika kazi za kanisa.

Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliigawa shukrani katika elimu, hali na amali: kujua neema imetoka kwa nani, kufurahi kwa unyenyekevu, kisha kuitumia inavyompendeza aliyeitoa. Kwake, anayempiga mwenzake kwa mkono wake ameikufuru neema ya mkono. Kwa kipimo hicho, uvuvi wa baruti, uliovunja matumbawe ya Tanga kwa miaka mingi kabla ya msako wa serikali wa miaka ya 2010 kuupunguza, ulikuwa utovu wa shukrani hata kama mvuvi alianza safari kwa bismillahi. Mlipuko haukuua samaki wakubwa tu. Uliua na wadogo, na kuubomoa mwamba walimokulia. Kinyume chake ni vijiji vinavyokubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na wakulima wa Amani wanaoacha miti kando ya vijito vinavyolisha Zigi.