Mcheza kwao hutunzwa, lakini ngoma ni ya nani?

Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku hadi Nairobi kwa harusi ya jamaa zetu wa Pumwani. Sisi watu wa Pwani si wageni sana Eastlands. Majina ya mitaa yenyewe yanatupokea: wao wana Majengo na Kaloleni, nasi tuna Majengo na Kaloleni. Harusi ilipokwisha nikapita Umoja kumjulia hali mpwa wangu, ambaye kazi yake ni uigizaji.

Chumba chake ni kimoja, kitanda na jiko vimetenganishwa kwa pazia. Juu ya televisheni nikaona kombe la kioo lenye jina lake. Alikuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha moja la filamu. Nikampa hongera, nikamwombea dua. Akacheka, akaniambia, "Mjomba, siku ya kulipokea kombe hili nauli niliazima kwa jirani."

Filamu yenyewe iliuzwa, naye akalipwa siku alizofanya kazi tu. Kisha akatoa karatasi chini ya godoro. Ilikuwa mkataba mpya kutoka kwa kampuni ile ile: miaka mitano, bila ruhusa ya kuigiza kwingine, na ahadi kwamba watampigia debe apate tuzo kubwa zaidi. Alitakiwa autie sahihi Ijumaa. Akaniuliza, "Mjomba, nifanyeje?"

Nilimjibu kwa yale ninayoyajua kuhusu tuzo, na leo naona si vibaya niwashirikishe nanyi wasomaji, kwa maana vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wameingia katika fani hii.

Kwetu neno hili si geni. Mcheza kwao hutunzwa. Kwenye taarabu, mtu akiguswa na ubeti huinuka na noti yake akamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Anayetunza ni msikilizaji, pesa ni zake, na mwimbaji huondoka nazo. Tuzo za filamu hazikuzaliwa hivyo.

Tuzo maarufu kuliko zote ni Oscar. Wazo la chama kinachozitoa lilianza mwanzoni mwa 1927 kwa Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM huko Hollywood. Mafundi wa studio, kama maseremala na wapaka rangi, walikuwa wameshapata makubaliano ya kazi kupitia vyama vyao. Mayer na wenzake walihofia kwamba waigizaji, waandishi na waelekezi wangefuata njia hiyo. Kwa hiyo likaundwa baraza moja la kuwakusanya wote, matajiri na waajiriwa, ili ugomvi wa kazi umalizwe ndani ya nyumba. Utoaji wa tuzo ulikuwa shughuli mojawapo tu ya baraza hilo.

Hafla ya kwanza ilifanywa tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt. Ilikuwa karamu ya chakula, na ugawaji wenyewe ulichukua kama robo saa. Washindi walikuwa wametangazwa miezi mitatu kabla, na uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa majaji wachache.

Nyakati hizo studio ilimiliki karibu kila kitu: viwanja vya kupigia picha, kumbi nyingi za sinema, na waigizaji wenyewe. Mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka saba. Studio iliweza kumkodisha mwigizaji kwa studio nyingine ikabaki na faida. Akikataa sehemu aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku hizo zikaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kura zilipopanuliwa kwa wanachama, studio kubwa zilisifika kwa kuwasukuma watu wao wazipigie kura filamu za nyumbani. Kombe likawa tangazo la biashara: filamu iliyoshinda ilijaza kumbi, na kumbi zilikuwa zao.

Si wote walionyamaza. Waigizaji waliunda chama chao mwaka 1933. Mwaka 1936 mwandishi Dudley Nichols alikataa Oscar aliyoshinda kwa filamu ya The Informer, kwa sababu chama cha waandishi kilikuwa kinavutana na baraza lile. Katikati ya miaka hiyo ya 1930, kampuni ya wahasibu ya Price Waterhouse ikapewa kazi ya kuhesabu kura. Bahasha zilizofungwa zilianza 1941, baada ya gazeti moja kuchapisha majina ya washindi mapema mwaka uliotangulia. Naye mwigizaji Olivia de Havilland aliipeleka studio yake mahakamani, na mwaka 1944 akashinda: miaka saba ni miaka saba ya kalenda, haiongezwi. Baada ya hapo ndipo akaja kupata Oscar yake ya kwanza, kwa filamu ya To Each His Own.

Wakati huo mtu mweusi alikuwa wapi? Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa mweusi wa kwanza kushinda, kwa filamu ya Gone with the Wind. Usiku ule aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile.

Na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwepo, ingawa hatutajwi. Mwaka 1929 MGM ilileta kikosi chake huku kupiga filamu ya Trader Horn, iliyokuja kuteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora mwaka 1931. Mwafrika Mutia Omoolu aliigiza ndani yake sehemu kubwa, akasafirishwa hadi Hollywood kumalizia picha. Tuzo ya mwigizaji msaidizi haikuwepo bado. Ilianza kwa filamu za 1936. Lakini hata ingekuwepo, yule aliyekalishwa meza ya pembeni mwaka 1940 anatuambia mengi.

Tugeuke sasa tuitazame Eastlands. Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life ya mwelekezi David "Tosh" Gitonga. Wahusika wake wanazungumza Sheng, lugha iliyokulia mitaa ile ile ya Eastlands. Joseph Wairimu akashinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban, na filamu ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Haikuteuliwa. Mwaka 2019 Kenya ilipeleka Subira, hadithi ya msichana wa Lamu, nayo haikupenya. Watu Wote, filamu fupi kuhusu Waislamu waliowakinga abiria Wakristo basi liliposhambuliwa Mandera, iliteuliwa 2018. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani. Hata Nairobi Half Life ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani. Siwalaumu, wametufungulia mlango. Nasema tu kwamba hadithi ni yetu, lakini ngoma mara nyingi ina mwenyewe.

Hapa nyumbani tuna Kalasha, tuzo zilizoanzishwa na Kenya Film Commission, shirika la serikali, mwaka 2009. Humo majaji wana kura yao na umma una yake. Hilo linakaribia desturi yetu ya kutunza, na linafaa kulindwa.

Basi nilimwambia mpwa wangu hivi. Tuzo si haramu wala si upuuzi. Inafungua milango, na mtu hufurahi kazi yake ikitambuliwa. Lakini kabla ya kufurahia, uliza nani anagharamia karamu, na nani anapiga kura. Kisha uliza taa zikizimwa utabaki na nini mkononi. Kombe halilipi kodi ya nyumba. Inayolipa ni mistari iliyo kwenye mkataba: muda wake, haki ya sura yako, na fungu lako filamu inapouzwa tena. De Havilland hakupata uhuru wake kwa kombe, aliupata kwa kuusoma mkataba na kwenda kwa kadhi wao.

"Na wakisema wataniacha?" akaniuliza.

"Mwanangu, anayekuahidi kombe ili usisome karatasi, hilo kombe ndilo malipo yako yote."

Ijumaa ilifika, baada ya swala akanipigia simu. Hakutia sahihi. Amempelekea wakili mkataba ule, na kampuni imekubali kushuka hadi miaka miwili. Fungu la mauzo bado wanavutana. Kombe liko pale pale juu ya televisheni, na nauli ya jirani ameirudisha.