KITU KILICHOBAKI MWILINI: HAKIKISHA KIMEANDIKWA



Kama uliingia Uganda kupitia mpaka wa Mpondwe, huenda ulitibiwa kwanza katika hospitali ya Bwera au Kagando, wilayani Kasese, kabla ya kupelekwa Kyaka II au Rwamwanja. Wengine kati yenu wana risasi au kipande cha bomu mwilini hadi leo. Si kwamba daktari alisahau. Mara nyingi kukitafuta kwa kisu kunaumiza zaidi kuliko kukiacha. Hatari ni kukiacha bila kuandika, kwa maana daktari wa kesho hatajua kuwa kipo.

Herufi na namba zina maana gani?

Kwenye barua ya hospitali unaweza kuona alama kama hizi. Si mambo ya polisi. Zinatoka katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, lililoanza kutumika mwaka 1994:

T16 – kitu ndani ya sikio, kama punje ya maharagwe
T17 – kitu puani, kooni au katika njia ya pumzi
T18 – kitu kilichomezwa, kama sarafu
M79.5 – kitu cha zamani kilichobaki katika nyama

Toleo la 11 lilianza mwaka 2022, na alama zake ni nyingine. Tena alama za hapo juu hazisemi kama ni mguu wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali, omba yaandikwe kwa maneno:

1. Ni kitu gani: chuma, kioo au mti.
2. Kiko wapi, na upande gani.
3. Kimetolewa au kimeachwa, na kwa sababu gani.
4. Tarehe, na kama picha ya eksirei ilipigwa.

Usiogope kueleza ulivyoumia. Daktari anauliza ili ajue kitu kiliingilia wapi.

Rudi kwa daktari upesi ukiona uvimbe, usaha, homa au ganzi. Mtoto akimeza betri ndogo ya duara, mkimbize hospitali saa ileile, usisubiri aende haja. Inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa 2.

Funga barua yako katika nailoni, uitunze pamoja na karatasi zako za ukimbizi. Mwonyeshe kila daktari mpya, hata kama hakuuliza.