Asiyeweza kujiogesha bado anaweza kuchagua

Mgonjwa anayepandishwa hospitali ya Mulago, Kampala, kutokea Wandegeya haendi peke yake. Nyuma yake yuko binti au mpwa aliyebeba mkeka, beseni na chupa ya chai. Huyo ndiye atakayemwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani, kwa kuwa wauguzi wa wodini hawatoshi. Ni upungufu wa hospitali, hilo halina ubishi. Lakini ndani yake mna kitu ambacho makao ya wazee hukikosa kwa urahisi: anayehudumia anamjua anayehudumiwa. Anajua kwamba mzee huyu hanywi uji wa moto, na akinyamaza ghafla ana maumivu. Mzee akihamia makaoni, ujuzi huo hubaki nyumbani.

Makao ya namna hiyo si mengi Kampala. Yanayojulikana zaidi ni ya Bakateyamba, Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutembelewa na Papa Fransisko Novemba 2015. Neno hilo la Kiganda huwataja wasioweza kujisaidia, na huruma iliyomo ni ya kweli. Hata hivyo, kwa kazi ya kila siku, mhudumu wa popote asilichukue kama lilivyo, maana kushindwa kujiogesha si kushindwa kusema unataka kuoga saa ngapi. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Kundi moja lilihimizwa kujiamulia mambo madogo, kama vile mpangilio wa chumba na usiku wa kutazama sinema, na kila mzee akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipata mimea, ila wauguzi ndio walioimwagilia. Wiki chache baadaye, wa kundi la kwanza walionekana wachangamfu zaidi. Washiriki hawakufika 100, kwa hiyo tusiutwishe utafiti huo madai mazito. Lakini ni vigumu kupuuza kwamba tofauti ilianzia kwenye kopo la maji.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya matajiri: muuguzi mwenye wazee 15 wa kuosha kabla ya chai atapata wapi nafasi ya kuuliza? Hoja ina uzito. Ruzuku ya serikali kwa wazee wa miaka 80 na zaidi ni shilingi 25,000 kwa mwezi, haiajiri mtu. Tena yapo mambo yasiyongoja hiari, kama kumgeuza asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgandamizo. Lakini sehemu kubwa ya ratiba haitokani na ugonjwa, hutokana na kuwarahisishia wahudumu kazi, na urahisi huo una gharama. Mzee aliyepoteza kumbukumbu akivuliwa nguo na kumwagiwa maji kwa haraka hupiga na kupiga kelele, wakahitajika watu wawili kumshika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba akioshwa kitandani, kafunikwa, kwa taulo zenye maji ya vuguvugu, ukali huo hupungua sana.

Uganda yenyewe haikungoja utajiri ili imsikilize mgonjwa. Hospice Africa Uganda ya Makindye, shirika la kuwatuliza wagonjwa mahututi, imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani tangu 1993, na mwaka 2004 nchi iliruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuandika mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Makaoni mambo yangeanza na karatasi moja juu ya kitanda, ikajazwa na yule binti wa mkeka kabla hajaondoka: anaitwaje kwao, lugha gani humtoka anapoumwa, chai yake ina sukari ngapi.